Mtoto wa Kwanza Tu

Namuwongo, Kampala
Jumatano, 5 Februari 2025

Mama Zulaika,

Hatujuani kwa sura. Mimi ni Exaucée, nina miaka kumi na saba, na ndiye ninayetunza Orodha ya Wanaotafutwa kwenye kompyuta ya Ushirika wetu wa wakimbizi, hapa karibu na reli. Siku ulipokuja Kampala kuchukua wino nilikuwepo. Nilijificha nyuma ya kabati mpaka ukaondoka. Samahani. Uso kwa uso mimi ulimi unaganda. Bukavu nilisomeshwa kwa Kifaransa, hapa Kampala kwa Kiingereza, na katika lugha zote mbili walimu waliandika neno lile lile kwenye ripoti: haongei. Kwenye karatasi ninaweza. Ndiyo maana flashi hii nimeifunga ndani ya barua, na Opoka, kondakta wa basi, atakuletea kila wiki.

Ndani ya flashi kuna mafaili mawili. La kwanza ni orodha yenyewe, XML: kila mzazi ana fungu lake, na ndani yake majina ya watoto anaowatafuta. La pili ni la kugeuza, XSLT: hilo ndilo linaloichukua orodha na kuipanga kuwa kurasa za kubandika ubaoni. Fanya kama zamani. Ongeza majina mapya ya hapo kambini, endesha, chapa Ijumaa.

Ila faili la kugeuza nimeliandika upya. Aliyeandika lile la mwanzo simjui, lakini lilinitia kinyaa, kweli. Mistari kumi na miwili kwa kazi ya mstari mmoja! Kwa kila mtoto: fungua, toa jina, uliza kama huyu ni wa mwisho, kama siye weka mkato, funga, rudi. Kama mtu anayetafuna mdomo wazi mbele yako. Nimefuta yote. Sasa ni mstari mmoja, safi, wa toleo la pili la XSLT: toa watoto, watenganishe kwa mkato. Basi.

Nimelijaribu kwenye mashine zote. Halina tatizo.

Wako,
Exaucée


Kambini
Jumatatu, 10 Februari 2025

Binti Exaucée,

Kumbe ni wewe wa nyuma ya kabati! Niliona miguu. Nikasema moyoni, Ushirika huu una paka anayevaa kandambili.

Kiswahili changu usikicheke. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, Mnubi wa Bombo, na mimi lugha hii nimefundishwa kwa amri na matusi. Amri nitakupa leo. Matusi nakuwekea akiba. Na usijaribu kunipigia, simu yangu ilitumbukia kwenye sufuria ya posho, yaani ugali. Fundi ameitazama akasema imeiva.

Nimechapa, nimebandika. Nina maswali mawili. La kwanza: kila nikiendesha faili lako, mashine inatoa kwanza mstari mmoja wa malalamiko. Inasema faili linajiita toleo la pili na yenyewe inajua mambo ya toleo la kwanza tu. Halafu inaendelea kuchapa kama hakuna kitu. Nifanyeje? La pili: kurasa zamani zilikuwa saba, sasa nne. Wino wangu unakushukuru, lakini umefanyaje?

Zulaika


Namuwongo
Jumatano, 12 Februari 2025

Mama Zulaika,

Hilo la malalamiko lipuuze. Mashine yako ni ya zamani, inanung'unika kama mwenye nyumba, kisha inafungua mlango. Nimekuwekea amri mpya kwenye flashi: ukiitumia, manung'uniko yote yanatupwa kabla hujayaona. Utabaki na kurasa tu.

Kurasa zimepungua kwa sababu zamani kila mtoto alikaa kwenye mstari wake, sasa wanakaa pamoja. Katibu wetu, mzee Hippolyte, alifurahi sana kusikia. Alinisifu mbele ya watu, nikatamani sakafu ipasuke niingie.

Hapa mlangoni kwetu kuna Mama Julienne, anakaanga mihogo. Watoto wake wawili, Tresor na Benedicte, walimpotea Bunyakiri siku ya kukimbia vita, na mimi ndiye niliyewaandika, alinitajia kwa mdomo wake, mikono imejaa mafuta. Kila Jumatano ninapofunga bahasha hii huniuliza, "Umewatuma wangu?" Nami humjibu, "Wameenda, Mama." Ni sentensi pekee ninayoisema kwa sauti bila kutetemeka.

Exaucée


Kambini
Jumatatu, 3 Machi 2025

Ya binti,

Wiki hizi sikuandika, mvua ilivunja paa la duka langu la kuchapia. Mashine ilikaa chini ya kitanda changu, Ijumaa naitoa nachapa, sasa imerudi dukani. Orodha haikukosa Ijumaa hata moja.

Nina jambo limenikaa kooni. Kuna msichana, miaka kama kumi na miwili, anavaa sweta ya manjano hata jua likiwa kali. Kila Ijumaa gundi haijakauka yuko pale. Anapitisha kidole cha mkono wa kushoto mpaka kwenye mstari mmoja. Anausoma. Anatema mate chini. Anaondoka. Ijumaa baada ya Ijumaa!

Juzi nikamshika sweta. "Unamtemea nani, wewe?"

"Ubao."

"Ubao umekukosea nini?"

"Unatafuta maiti."

Nikatazama kidole kiliposimama. Ilikuwa: Julienne, wa Bunyakiri, anatafuta: Tresor. Msichana akasema Tresor alikuwa kaka yake. Alikufa njiani siku ya nne, tumbo la kuhara. Yeye ndiye aliyemfunika kwa majani ya mgomba, peke yake, akakaa naye mpaka watu wengine wakamvuta mkono.

Nikamuuliza, "Basi Julienne huyu ni mama yako?"

Akanitazama kama nimemtukana. "Mwenye mama jina lake lingekuwepo."

Nimewaza sana. Julienne si ndiye jirani yako wa mihogo? Barua yako ile ililowa na mvua, majina ya wanawe yamefutika. Nadhani msichana huyu ni mtoto wa mke mwenzie, na Julienne anamtafuta wa tumbo lake tu. Hayo yapo duniani. Muulize, lakini polepole. Kama ni hivyo kweli, mwambie kutoka kwangu kwamba mate yale ni haki yake.

Zulaika


Namuwongo
Jumatano, 5 Machi 2025

Mama Zulaika,

Msichana huyo anaitwa nani? Usimwambie kitu bado. Nitumie na Opoka ule ukurasa wenye Julienne, ulivyotoka kwenye mashine yako.

Flashi ni ile ile, sijabadilisha kitu.

E.


Kambini
Jumatatu, 10 Machi 2025

Exaucée,

Barua gani ile? Hata salamu? Hata askari wa zamu huandika ndefu kuliko hiyo.

Anaitwa Benedicte. Ukurasa huu hapa, nimeukunja mara nne.

Halafu kuna haraka. Mwanamke anayemlea, jina lake Olivia, mtu mwema, amepangiwa kuhamia makazi ya kaskazini. Lori linaondoka Jumamosi tarehe kumi na tano, saa mbili asubuhi. Maofisa wa kambi walimuuliza Benedicte kama ana mtu yeyote anayemtafuta. Akasema, "Nendeni mkasome ubao." Wakasoma. Jina halipo. Wakamwandika aende na Olivia, naye ameweka dole gumba. Huko kaskazini orodha yetu haifiki, unajua hilo.

Kama huyo Julienne wako ana moyo wa kuwakubali wote, aseme kabla ya Jumamosi.

Zulaika


Namuwongo
Jumatano, 12 Machi 2025

Mama Zulaika,

Soma hii barua ukiwa umesimama, maana ukimaliza itabidi ukimbie.

Benedicte ni mtoto wa Julienne. Wa tumbo lake. Jina lake lipo kwenye orodha tangu siku ya kwanza, chini ya la kaka yake. Mama yake hajamwacha hata Jumatano moja. Mimi ndiye niliyemwacha.

Ukurasa ulipofika jana niliufungua chooni ili mtu asinione. "Anatafuta: Tresor." Nukta. Nikatazama mstari wa chini, baba anayetafuta watoto watano niliowaandika mwenyewe: jina moja. Wa chini yake: moja. Ukurasa mzima, kila mzazi, mtoto wa kwanza tu.

Nilikwenda Kisenyi kwa Huzaifa, fundi wa gereji, ana kompyuta ya umri wa yako anayoandikia vipuri. Nilisimama ng'ambo ya barabara kama saa nzima. Akaniita, "Dada, unanunua au unalinda duka?" Nikamwonyesha flashi bila kusema neno. Akaniachia kiti chake. Nikaendesha faili langu kwenye programu ile ya zamani, bila ile amri yangu ya kutupa manung'uniko.

Nikayaona kwa macho yangu. Mstari wangu mmoja, ule safi. Programu ya toleo la pili ukiiambia "toa watoto" inawatoa wote. Ya toleo la kwanza ukiiambia maneno hayo hayo inamchukua wa mbele, waliobaki inawaacha. Haisemi kosa. Haisimami. Neno "watenganishe kwa mkato" hailijui kabisa, na kwa kuwa mimi nilikuwa nimeandika juu kabisa kwamba hili ni toleo la pili, ikajiambia ah, haya ni mambo ya wakubwa, ikaruka. Kitu pekee ilichonacho cha kutuonya ni ule mstari wa malalamiko. Wewe uliuona. Uliniuliza. Nami nikakupa amri ya kuuziba mdomo.

Na ile mistari kumi na miwili niliyoiita chafu! "Kwa kila mtoto, toa jina." Iliandikwa vile na mtu aliyejua kwamba mashine hazilingani. Mtu yule simjui, lakini namwonea aibu.

Nilitoka nje nikatapika kwenye mtaro wa gereji, kwenye maji meusi ya oili. Huzaifa aliniletea maji ya kusukutua kwenye kopo. Sikumwambia asante. Sikuweza.

Nakuungamia yote, kwa hiyo ngoja. Nilikuandikia kwamba nimelijaribu kwenye mashine zote. Nilijaribu kwenye moja. Ya kwetu. Kujaribu kwenye nyingine kungenilazimu niende kumwomba mtu, na kuomba ni kuongea. Kurasa saba zilipokuwa nne, nilijua si kawaida; ile sababu ya kila mtoto na mstari wake niliitunga. Nilijua kidogo, vile unavyojua chakula kimechacha na bado unameza kwa sababu umeshasema ni kitamu. Nimehesabu. Familia thelathini na nane. Watoto themanini na mmoja. Ijumaa tano.

Leo asubuhi nilimwendea mzee Hippolyte. Alikuwa anakula maini. Nikamwambia, sauti ikitoka kama ya panya, "Katibu, orodha ya kambini imewaacha watoto."

"Wangapi?"

"Wote, isipokuwa wa kwanza."

Akatafuna. "Wa kwanza akipatikana, wengine si watakuwa naye? Watoto hutembea kama bata."

"Wengine wa kwanza wamekufa, Katibu."

"Sikiliza, mtoto. Tarehe ishirini wageni wanakuja kuona kazi yetu. Nimewaambia orodha ni kurasa nne, nadhifu. Baada ya wageni utengeneze polepole. Usianze kupiga makelele." Akauchukua ukurasa wako, ule ule, akafutia mafuta vidole. Halafu akakunja kona yake akachokonolea meno. Mama Zulaika, kwenye ile kona kulikuwa na jina la mtu.

Unajua nilijibu nini? "Sawa."

Neno hilo nimelipigia mswaki mara tatu. Liko hapa bado, kwenye ulimi, kama mafuta ya taa. Najichukia kuliko ninavyomchukia yeye. Yeye alikuwa anakula tu.

Simu yako imeiva, najua. Nilipiga ya ofisi ya hapo. Mtu akapokea, "Haloo? Nani?" Nikakata. Nikapiga tena, "Haloo?" Nikakata. Mara tatu. Maisha ya mtoto yalikuwa kwenye kidole changu, nikakata kwa aibu ya sauti ya mtu nisiyemjua. Ukisoma hapa ukitupa barua chini, nitaelewa. Lakini iokote.

Ndani ya flashi kuna faili jipya. Nimerudisha "kwa kila mtoto", mistari yote kumi na miwili, na juu nimeandika toleo la kwanza, ambalo programu za zamani na mpya zote zinalielewa. Nimeliendesha kwetu na kwa Huzaifa. Kurasa saba hapa, saba kule, nimezisoma jina kwa jina. Ile amri ya kuziba mdomo ifute. Mashine ikinung'unika tena, usiniamini mimi, iamini yenyewe.

Mwambie Benedicte. Mama Julienne hajui kitu. Leo ameniuliza, "Umewatuma wangu?" Kwa mara ya kwanza sikujibu.

Exaucée


Kambini
Jumapili, 16 Machi 2025

Exaucée,

Basi lilikatika ekseli njiani. Opoka alifika kwangu jana, Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, vumbi mpaka kwenye kope. Nilisoma nimesimama kama ulivyosema. Nilikimbia na ndala moja.

Lori lilikuwa limewashwa. Benedicte amekaa juu ya magunia, kati ya sufuria, ameshika mzigo wake.

"Shuka! Mama yako anakutafuta!"

"Wiki iliyopita hakuwa ananitafuta."

"Jina lako lilikuwepo. Mashine ililiacha."

"Mashine." Akacheka, kicheko cha mtu mzima kabisa.

Nikatoa kalamu, nikaandika nyuma ya barua yako, Julienne anamtafuta Benedicte, nikamnyooshea. Hakuipokea. Akasema, "Mkono una huruma, Mama Zulaika. Unaweza kuniandika ili nisilie. Nionyeshe ya mashine. Ile haina huruma na mtu."

Dereva akapiga honi. Nikamwambia angoje. Akasema hangoji. Basi yale matusi niliyokuwekea wewe akiba nikamlipa yeye yote, ya kambi nzima ya baba yangu, na ya farasi wa wakoloni juu yake. Akazima injini mwenyewe. Olivia akasema amina.

Tukaenda dukani, mimi na msichana. Jenereta ikakataa, ikakataa, ikawaka. Nikaliendesha faili lako bila ile amri yako. Nikangoja manung'uniko. Kimya. Kisha karatasi ikaanza kutoka kidogo kidogo, nawe unaijua printa yangu, inatoa mstari kama mtu anayetoa siri. Benedicte alikuwa ameinama mpaka pua inagusa karatasi.

Julienne, wa Bunyakiri, anatafuta: Tresor, Benedicte.

Hakulia. Alisoma mara nyingi. Halafu akaomba kalamu. Akachora mstari juu ya jina la Tresor, taratibu, kama anayemfunika tena. Akasema, "Huyu msimtafute. Huyu namjua alipo." Akanipa karatasi. "Mpelekeeni."

Akaenda kuchukua mzigo wake kutoka kwenye lori.

Benedicte analala kwangu; ukurasa uko ndani ya bahasha hii. Kuhusu wewe: ndiyo, nimepata kinyaa. Kilikaa kama tangu dukani mpaka kwenye lori. Halafu nikakumbuka kwamba mimi niliona mstari wa malalamiko kabla yako, na kidole kilichobonyeza kila Ijumaa kilikuwa changu. Ubaoni nimebandika kurasa saba. Tangu jana watu hawajaondoka pale.

Mwambie mama yake. Usimwandikie. Mwambie.

Zulaika


Namuwongo
Jumatano, 19 Machi 2025

Mama Zulaika,

Nimemwambia. Kwa mdomo.

Nilimngoja amalize wateja. Nikampa ukurasa nikasema, "Benedicte yuko hai. Mimi ndiye niliyemficha, bila kujua." Kuhusu Tresor sikusema, karatasi ilisema. Aliufuata ule mstari kwa kidole, nyuma na mbele.

"Nani amechora?"

"Yeye."

"Umeanzia kulia," akasema. "Anatumia bado mkono wa kushoto. Nilikuwa nampiga kwa ajili ya mkono huo."

Kisha akakaa chini, hapo hapo kwenye maganda ya mihogo, na sauti aliyoitoa sitaiandika. Mihogo ikaungua. Nikaiepua mimi. Mteja akauliza, "Kuna nini?" na nikamjibu, mtu nisiyemjua, "Amefiwa. Nenda."

Ukurasa wa Ijumaa ile, bado una mafuta ya vidole vya Katibu, na mwingine wa sasa nimebandika pamoja kwenye mlango wa Ushirika, ubavu kwa ubavu, na chini nimeandika jina langu na nilichofanya. Wageni wanafika kesho. Mzee Hippolyte alikuja akasoma, mswaki wa mti mdomoni, akaniambia nirudishe ufunguo wa ofisi. Nikasema, "Hapana." Sikujua nina neno hilo. Akatema kijiti karibu na mguu wangu. Ameninyang'anya ufunguo, lakini kurasa bado ziko mlangoni, kwa kuwa watu wamesimama mbele yake wanasoma na hawezi kuzibandua mbele yao.

Kinyaa changu hakijaisha. Nadhani nitabaki nacho. Ndani ya faili, juu ya ile mistari kumi na miwili, nimemwachia atakayenifuata maneno ambayo mashine haiyaruki kwa sababu haiyasomi kabisa: Mistari hii inachukiza kuitazama. Usiisafishe.

Jumatano hii Mama Julienne hakuniuliza kama nimewatuma wake. Alizima jiko, akajifunga kitenge, akaniomba bahasha. Opoka hajaibeba. Aliyekupa barua hii, anayenuka mafuta ya mihogo, ndiye mwenyewe.

Usimpitishe ubaoni kwanza.

Exaucée